Meza ya Bwana Kabla ya Kanuni ya Imani: Ukristo wa Karne Mbili za Mwanzo

Vitabu vingi vinavyoeleza imani ya Wakristo huanzia Nikea, mji wa Asia Ndogo ambako mwaka 325 maaskofu walioitwa na Kaisari Konstantino walitunga maneno ya kukiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Kuanzia hapo ni rahisi, kwa kuwa kuna andiko na tarehe yake, na kuna mkutano na majina ya waliohudhuria. Lakini kwa karibu miaka 300 kabla ya mkutano huo watu walibatizwa, waliabudu, walifungwa na kuuawa kwa ajili ya imani isiyokuwa na andiko moja la ukiri lililokubaliwa kila mahali, na kilichowatambulisha ni mambo mawili yaliyoonekana kwa macho, yaani maji ya ubatizo na mlo wa pamoja. Anayetaka kujua Wakristo wa mwanzo waliamini nini hana budi kuwatazama walivyokula na kuuliza walikubali kula na nani, kwa sababu mafundisho mengi ambayo baadaye yaliandikwa kwa lugha ya wanafalsafa yalizuka kwanza kama ugomvi wa mezani.

Yesu wa Nazareti alikuwa Myahudi wa Galilaya aliyefundisha kwa Kiaramu, lugha iliyo ndugu ya Kiebrania na Kiarabu, na wafuasi wake wa kwanza walikuwa Wayahudi waliosali hekaluni na kuishika Sabato. Jambo lenye ushahidi imara kuliko yote katika maisha yake ni kifo chake. Alisulubiwa Yerusalemu wakati Pontio Pilato alipokuwa liwali wa Yudea, kati ya mwaka 26 na 36, na habari hiyo haitegemei Injili peke yake, kwani Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyewaandika Wakristo mwanzoni mwa karne ya 2 kwa dharau isiyofichika, anamtaja Pilato na Kaisari Tiberio, na mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale huko Kaisaria walifukua jiwe lililochongwa jina la Pilato na cheo chake. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, tena Torati ilimhesabu mtu aliyetundikwa mtini kuwa amelaaniwa. Kwa hiyo kumwita mtu aliyekufa hivyo Masihi, yaani mpakwa mafuta wa Mungu, ambaye jina lake kwa Kigiriki ni Kristo, kulikuwa ni kudai jambo ambalo wale waliomngoja Masihi aje kulikomboa taifa hawakulitazamia hata kidogo.

Waliodai hivyo walisema kwamba Mungu amemfufua. Ufufuo wenyewe haukuwa fundisho geni, kwa kuwa Mafarisayo, kundi la Wayahudi walioshikilia sana usafi wa maisha ya kila siku, walifundisha kwamba wafu watafufuka siku ya mwisho, na Masadukayo, ambao wengi wao walikuwa wa koo za makuhani wakuu, walikataa. Kilichokuwa kipya ni madai kwamba mtu mmoja ametangulia kufufuka kabla ya wengine wote, maana yake siku ya mwisho imekwisha kuanza huku ulimwengu ukiendelea na shughuli zake kama kawaida. Mkanganyo huo wa jambo lililokwisha kuanza lakini halijakamilika ndio uliobeba karibu kila kitu ambacho Wakristo wa kizazi cha kwanza walikifundisha.

Ushahidi wa zamani zaidi wa imani hiyo umo katika waraka ambao Paulo, Farisayo wa Tarso aliyewahi kuwatesa wafuasi wa Yesu, aliwaandikia watu wa Korintho karibu mwaka 54. Humo anawakumbusha mapokeo ambayo yeye mwenyewe aliyapokea kwa wengine: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, kisha wale kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya mia tano, kisha Yakobo. Sentensi zake ni fupi na zimepangwa kwa ajili ya kukaririwa, kama wanafunzi wa katekisimu wanavyokariri majibu yao, na jina la Petro linatajwa kwa Kiaramu, Kefa, yaani mwamba. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mapokeo hayo ni ya miaka michache tu baada ya msalaba. Katika waraka huohuo Paulo anaacha bila kutafsiri maneno ya Kiaramu maranatha, ambayo kwa kawaida hueleweka kuwa ombi la kumsihi Bwana aje, ingawa wasomaji wake walisema Kigiriki, jambo linaloonyesha kwamba desturi ya kumwita Yesu Bwana na kumwomba katika ibada haikubuniwa na Wagiriki waliozoea miungu mingi, kama ilivyowahi kudhaniwa, bali ilitoka kwa Wayahudi wa Palestina wenyewe.

Kiswahili nacho kimehifadhi alama za asili hiyo, ingawa wasemaji wake hawana sababu ya kuzifikiria kila siku. Neno kanisa limekuja kwa njia ya Kiarabu kutoka neno la Kiaramu lenye maana ya kusanyiko, na mzizi wake ndio uleule unaotumika katika Kiebrania kwa nyumba ya kusanyiko, yaani sinagogi. Kasisi kwa asili ni mzee na shemasi ni mhudumu, yote mawili ya Kiaramu, hali askofu ni neno la Kigiriki lenye maana ya mwangalizi, lililopita Uarabuni kabla ya kufika pwani ya Afrika Mashariki. Atamkaye maneno hayo manne amekwisha kutaja, bila kujua, kusanyiko la Kiyahudi lililokuwa na wazee na wahudumu wake kabla halijapata mwangalizi mwenye jina la Kigiriki.

Ugomvi wa kwanza wa mezani ulizuka Antiokia, mji mkubwa wa Siria ambako, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, wafuasi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Huko Wayahudi na watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, walikuwa wakila pamoja, na kula pamoja hakukuwa jambo dogo, kwa kuwa Torati iliweka mipaka ya vyakula, na kwa Myahudi mcha Mungu meza ilikuwa mahali pa kuulinda utakatifu wa taifa lake. Karibu mwaka 49 viongozi walikutana Yerusalemu na kukubaliana kwamba watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Hata hivyo, kwa mfuatano wa masimulizi ya Paulo katika waraka kwa Wagalatia, suala la chakula lilibaki na moto wake: Petro alipofika Antiokia alikula na watu wa mataifa, lakini walipowasili watu kutoka kwa Yakobo, ndugu yake Yesu na kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, alijitenga, na wengine wakamfuata, hata Barnaba aliyekuwa mwenzake Paulo wa safari. Paulo alimkemea Petro mbele ya wote.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, kilichoandikwa miaka mingi baadaye, hakisemi lolote kuhusu kemeo hilo na kinapenda kuonyesha mitume wakiafikiana. Ni haki kuukubali zaidi ushuhuda wa Paulo, ambaye alikuwapo na ambaye hakupata faida yoyote kwa kukiri kwamba hata rafiki yake alimwacha peke yake. Cha muhimu zaidi ni kwamba hoja yake maarufu, kwamba mtu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani katika Kristo wala si kwa matendo ya sheria, katika waraka huo inafuata moja kwa moja habari za chakula cha Antiokia. Fundisho ambalo karne ya 16 liliigawa Ulaya limeandikwa kwanza kama jibu kwa swali la nani anaweza kuketi na nani.

Korintho ugomvi ulikuwa wa aina nyingine. Paulo alikaa huko karibu mwaka 51, tarehe inayojulikana kwa sababu maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe huko Delphi yanamtaja liwali Galio ambaye, kwa mujibu wa Matendo, ndiye aliyesikiliza mashtaka dhidi yake. Wakristo walikutana jioni katika nyumba za wenzao wenye uwezo, na desturi ya nyumba hizo ilikuwa kwamba chumba cha kulia kilikuwa na vitanda vitatu vya kujilaza, vyenye nafasi ya watu tisa hivi, na wageni wengine walikaa uani. Ni rahisi kuona jinsi wenye nafasi walivyoweza kuwahi wakati vibarua na watumwa wakingali kazini. Paulo analalamika kwamba mmoja ana njaa na mwingine amelewa, na kwamba mlo wa namna hiyo hauwezi kuitwa chakula cha Bwana. Ili kuwaaibisha anawakumbusha usiku ambao Yesu alitwaa mkate na kikombe, na hivyo ndivyo maelezo ya kwanza yaliyoandikwa kuhusu karamu ile ya mwisho, yanayozitangulia Injili zote nne, yalivyotufikia. Kama maskini wa Korintho wangeshiba, huenda yasingeandikwa.

Miaka iliyofuata ilileta misiba kwa haraka. Mwaka 62 Yakobo aliuawa Yerusalemu kwa amri ya kuhani mkuu, kama anavyosimulia mwanahistoria Myahudi Josephus, mwaka 64 Kaisari Nero aliwatesa Wakristo wa Roma baada ya moto mkubwa wa mji huo, na mwaka 70 majeshi ya Kirumi chini ya Tito yalilibomoa Hekalu la Yerusalemu. Katika miaka hiyo na iliyofuata ndipo Injili zilipoandikwa, ya Marko ikitangulia kwa maoni ya wataalamu wengi. Kutengana kwa Wakristo na sinagogi kulichukua muda mrefu, na katika miji mingi kuligusa jamaa na majirani waliojuana.

Jinsi jumuiya ndogo ilivyoishi katika kipindi hicho inaonekana karibu zaidi katika kijitabu kinachoitwa Didake, yaani Mafundisho, ambacho nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873 na askofu Philotheos Bryennios na kuchapishwa miaka kumi baadaye. Wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Kijitabu hicho kinaagiza ubatizo ufanyike kwa maji yanayotiririka, na yasipopatikana, kwa maji mengine. Yakikosekana ya baridi, ya moto yatafaa. Na yakiwa machache, yamiminwe kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wakristo wafunge Jumatano na Ijumaa, kwa kuwa wengine, ambao ni dhahiri ni Wayahudi waliokuwa jirani zao, wanafunga Jumatatu na Alhamisi. Sala za shukrani juu ya kikombe na mkate zina mwendo wa dua za mezani za Kiyahudi, na jambo la kushangaza ni kwamba hazitaji kifo cha Yesu wala mwili na damu yake. Kuna pia onyo kuhusu manabii wasafiri: akaaye siku tatu ni nabii wa uongo, na anayeomba fedha vilevile. Onyo hilo linaonyesha kwamba walaghai walikuwapo tangu zamani, na kwamba jumuiya ilikuwa na moyo wa ukarimu uliohitaji kuwekewa kiwango.

Kwa macho ya watawala mlo huo ulikuwa jambo la kutiliwa shaka. Karibu mwaka 112 Plinius, liwali wa Bithinia na Ponto kaskazini mwa Asia Ndogo, alimwandikia Kaisari Trajanus akiuliza awafanye nini Wakristo waliokuwa wakishtakiwa kwake. Waliowahi kuwa Wakristo walimweleza kwamba walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kama mungu, wakiapa kutoiba, kutozini na kutovunja ahadi, kisha wakitawanyika na kukutana tena kula chakula, ambacho Plinius anakiri kilikuwa cha kawaida kisicho na madhara. Ili kuhakikisha, aliwatesa wajakazi wawili walioitwa wahudumu katika kanisa lao, cheo kilicho karibu na ushemasi, na kwa maoni yake hakupata kitu zaidi ya ushirikina uliopita kiasi. Majina ya wanawake hao hakuyaandika. Trajanus alijibu kwamba Wakristo wasitafutwe, ila wakishtakiwa na kuthibitika waadhibiwe, na karatasi za mashtaka zisizo na jina la mwandishi zisipokelewe. Katika barua hizo mbili ushahidi wa kwanza wa kipagani kwamba Kristo aliimbiwa kama mungu unasimama bega kwa bega na malalamiko kuhusu soko la nyama ya sadaka, kwa kuwa Plinius alifurahi kuripoti kwamba nyama hiyo, iliyokuwa imekosa wanunuzi, ilianza kununuliwa tena.

Kumwabudu Kristo huku wakishikilia kwamba Mungu ni mmoja kuliwaacha Wakristo na swali ambalo hawakuweza kulikwepa. Baadhi yao walijibu kwamba Kristo ni wa mbinguni kiasi kwamba hakuwa na mwili wa kweli, na mateso yake yalikuwa mwonekano tu. Hao huitwa Wadoseti, kutokana na neno la Kigiriki la kuonekana. Ignatius, askofu wa Antiokia aliyepelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, aliandika njiani nyaraka zenye kuwapinga, na dalili mojawapo anayoitoa ya kuwatambua ni kwamba wanajiepusha na ekaristi, yaani mlo wa shukrani, kwa kuwa hawakiri kwamba ni mwili wa Mwokozi. Njia yake ya kuulinda mlo huo ilikuwa kuuweka chini ya askofu mmoja, pamoja na wazee na mashemasi, na hapo mpango wa uongozi ambao makanisa mengi yanao hadi leo unaonekana wazi kwa mara ya kwanza. Ni vigumu kukubali kila analosema kuhusu mamlaka ya askofu bila kukumbuka kwamba mtu anayesisitiza jambo mara nyingi hivyo huenda anaandika mahali ambapo halijakubaliwa.

Hoja hiyohiyo ya mezani ilitumika karibu mwaka 180 na Irenaeus, mzaliwa wa Asia Ndogo aliyekuwa askofu wa Lyon huko Gali, dhidi ya Wanostiki, jina linalojumuisha makundi yaliyofundisha kwamba ulimwengu wa vitu umeumbwa na mungu wa chini na kwamba wokovu ni elimu ya siri ya kujitoa humo. Irenaeus aliuliza, kwa maana kama hii, inawezekanaje kumshukuru Mungu kwa mkate na divai, vitu vya udongo na mzabibu, huku mtu akiamini kwamba aliyeviumba si Baba yake Kristo. Na mwili unaolishwa kwa mlo huo utaambiwaje kwamba umeumbwa ili kuoza tu. Mabishano hayo yalilazimisha maswali mengine mawili, la vitabu gani visomwe kanisani na la kanuni fupi ya imani ya kuwafundisha wanaobatizwa. La kwanza lilichochewa zaidi na Marcion, tajiri aliyetengwa na kanisa la Roma karibu mwaka 144 na kurudishiwa mchango wake wa sesterti 200,000, kwa kuwa alilikataa Agano la Kale lote na kubakisha Injili moja na nyaraka kumi za Paulo.

Mezani palikuwapo pia mahali pa kutofautiana bila kuvunjana. Karibu mwaka 155 maaskofu Polycarp wa Smirna na Anicetus wa Roma walishindwa kukubaliana kuhusu siku ya Pasaka, lakini Anicetus alimpa mgeni wake heshima ya kuongoza ekaristi. Katika Roma hiyohiyo, miaka ileile, mwalimu Justinus alimwelezea kaisari kusanyiko la Jumapili: kumbukumbu za mitume na maandiko ya manabii husomwa kadiri muda unavyoruhusu, msimamizi huhutubia, mkate na divai iliyochanganywa na maji hubarikiwa, mashemasi huwapelekea wasiokuwapo, na mchango unaokusanywa husaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Na huko Carthage, Afrika ya Kaskazini, mwaka 203, Perpetua, mama kijana wa ukoo wa heshima, na mjakazi Felicitas walipokuwa wanangoja kupelekwa kwa wanyama wakali, wao na wenzao walikigeuza chakula cha mwisho ambacho wafungwa walipewa mbele ya watazamaji kuwa karamu ya upendo, yaani agape, bibi na mjakazi wakila pamoja.

Nyumba ambamo mambo kama hayo yalifanyika imebaki moja inayotambulika bila shaka kwa kipindi hicho. Iko Dura-Europos, mji wa ngome kando ya Mto Frati mashariki mwa Siria, mitaa michache kutoka sinagogi lililopambwa kwa picha za masimulizi ya Agano la Kale. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua katikati, na kati ya mwaka 232 na 256 ukuta uliotenga vyumba viwili ulivunjwa ili kupata ukumbi mmoja, ukajengwa ulingo mdogo upande mmoja, na chumba kingine kikawekwa birika la ubatizo chini ya tao lililopakwa rangi ya anga na nyota. Ukutani alichorwa mchungaji akiwa na kondoo mabegani, mtu aliyepooza akibeba kitanda chake, Petro akizama majini, na wanawake wakielekea kaburini wakiwa na mienge. Mwaka 256 Waajemi walipouzingira mji, askari wa Kirumi walizijaza udongo nyumba zote zilizoegemea ukuta wa magharibi ili kuuimarisha, na kanisa likafukiwa pamoja nazo. Udongo huo ndio uliozihifadhi picha hadi wachimbaji walipozifikia katika miaka ya 1930, wakakuta katika ukumbi uliopanuliwa nafasi ya watu kama sabini kukaa pamoja.